Choo cheupe, mkojo mweusi: uchambuzi wa kisa cha mama ambaye nyongo haikufika utumboni

Kuhusu kisa hichi

Kisa hichi kimetokea Pemba miaka michache iliyopita. Majina nimeyatoa yote, kijiji nimekitoa, umri nimeusogeza kidogo na baadhi ya mambo ya kifamilia nimeyabadili ili asijulikane mtu. Mwenyewe mgonjwa karidhia kiandikwe, alisema kama kitamfaa mwengine basi andika. Tutamwita Bi M. Mie nilikuwa upande wa lishe wodini, si daktari wa upasuaji, kwa hiyo mtaona nimekaa zaidi kwenye chakula, mafuta na choo, na huko ndiko kisa hichi kilikofungukia.

Jambo ninalotaka tulitazame ni hili. Mafuta tunayokula hayasagwi na kitu kimoja. Kuna enzaimu, yani protini za mwili zinazokatakata chakula, na kuna nyongo, kila moja ina kazi yake, na ikikosekana moja mwili unaonesha ni ipi iliyokosekana, ila lazima apatikane mtu wa kuuliza.

Mwaka mzima wa kutibiwa vidonda vya tumbo

Bi M. ni mama wa miaka arubaini na kitu, watoto sita, mwili wake mkubwa kiasi, hana kisukari hana presha. Kazi yake kupika, jioni anauza chapati na bajia na kukiwa na harusi anaitwa kwenda kupika. Alianza kuumwa kama mwaka mmoja hivi kabla hajafika kwetu. Maumivu yanakaa juu ya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, yanamshika kwa nguvu saa moja au mbili, yanampiga mpaka mgongoni chini ya bega, anatapika, halafu yanaachia yenyewe na anakuwa mzima kabisa mpaka siku nyengine. Akenda kituo cha afya, akaambiwa vidonda vya tumbo, akapewa omeprazo na dawa nyeupe ya maji. Zikaisha, maumivu yakarudi, akapewa tena. Duka la dawa nalo likamuuzia dozi ya kuua bakteria wa vidonda bila kipimo chochote. Nyumbani mama mkwe wake akasema hilo ni chango, akamchemshia mizizi.

Hamna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa na nia mbaya, na maumivu ya juu ya tumbo kweli mara nyingi yanakuwa ya vidonda. Lakini kuna kitu Bi M. alikuwa anakijua mwenyewe na alitwambia siku ya kwanza tu tulipomuuliza, kwamba yanakuja baada ya chakula cha mafuta, khasa usiku. Akila mkate wa mofa na chai hamna tabu. Akila wali wa nazi uliotiwa kasimile, au boko boko la shughulini lenye samli juu, saa moja hivi baadae anaanza kujikunja. Ramadhani ilipoingia ikawa karibu kila usiku baada ya kufuturu.

Kwanini futari ndo ilimuumiza zaidi

Hapa lazima twende ndani kidogo, kwa sababu bila kuelewa mafuta yanasagwaje hiki kisa kitabaki kuwa habari ya mtu kuumwa tumbo tu.

Mafuta ya chakula, yawe ya tui, ya samli, ya alizeti au ya samaki, karibu yote yana umbo moja: gliseroli moja imebeba asidi za mafuta tatu. Umbo hilo ni kubwa, halipiti kwenye ukuta wa utumbo, lazima likatwe. Inayokata ni enzaimu inayoitwa lipesi. Kuna lipesi inayoanza kazi mapema, chakula kikiwa bado kipo tumboni, hiyo inashughulikia kama asilimia 10 mpaka 30 ya mafuta, lakini kazi kubwa inafanyika mwanzo wa utumbo mwembamba na lipesi inayotoka kwenye kongosho.

Sasa lipesi inafanya kazi ndani ya maji, na mafuta hayakubali maji. Mafuta yakikaa kama matone makubwa lipesi inaweza kukata juu juu tu, pale mafuta yanapogusana na maji, ndani haifiki. Hapo ndo inaingia nyongo. Ini linatengeneza nyongo kama nusu lita mpaka lita moja kwa siku, na watu wengi, hata wa skuli za afya, wanasema nyongo inasaga mafuta kama vile ni enzaimu. Siyo. Nyongo haina lipesi. Ilichonacho ni chumvi za nyongo, ambazo ini linazitengeneza kutokana na kolesteroli, pamoja na lesithini, aina ya mafuta inayozisaidia. Chumvi hizi zina upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji, na kazi yake ni ile ya sabuni kwenye sufuria lililopikiwa biriani: matone makubwa yanavunjika yanakuwa madogo madogo sana na hayarudi kuungana, sehemu ya kukatia inaongezeka mara nyingi, na lipesi inapata pa kushika. Tena chumvi hizohizo zikiwa peke yake zinaisukuma lipesi itoke juu ya tone, kwa hiyo kongosho linatoa na msaidizi, protini ndogo inaitwa kolipesi, inayoishikilia lipesi isitoke.

Lipesi ikishakata, zinabaki asidi za mafuta mbili na kipande cha gliseroli chenye asidi moja. Hata hivi vipande bado havipendi maji, bado haviwezi kuvuka vizuri ule utando wa maji uliotanda kwenye ukuta wa utumbo. Chumvi za nyongo zinavizunguka tena na kuvifunga kwenye vifurushi vidogo mno vya nanometa chache, vinaitwa miseli, na miseli ndo zinazovifikisha ukutani. Ndani ya seli vinaungwa upya, vinavishwa protini, vinaingia kwenye mishipa ya limfu na mwisho vinamwagwa kwenye damu karibu na shingo upande wa kushoto. Vitamini A, D, E na K zinasafiri ndani ya miseli hizohizo. Kwa hiyo nyongo ina kazi mbili, moja kabla ya lipesi na moja baada yake, na ile ya pili ndo inayosahaulika sana, na kuikosa hiyo ndo kulikomletea Bi M. hatari kubwa.

Chumvi zenyewe hazitupwi ovyo. Mwisho wa utumbo mwembamba karibu asilimia 95 inanyonywa na kurudi kwenye ini, inatumika tena, inazunguka hivyo mara kadhaa kwa siku. Gramu chache tu mwilini, zinahudumia mafuta ya siku nzima.

Tukirudi kwenye futari. Mtu asipokula, nyongo haimwagiki sana utumboni, inawekwa kwenye kifuko chini ya ini, kinanyonya maji yake na kuifanya nzito. Kifuko kinabeba kama mililita 30 mpaka 60. Mafuta yakifika mwanzo wa utumbo, ukuta wake unatoa homoni ya kolesistokinini, kwa kifupi CCK, ambayo inafanya mambo matatu kwa pamoja: inakikamua kifuko, inalegeza mlango wa mfereji wa nyongo, na inaliamrisha kongosho limwage enzaimu. Bi M. amefunga tangu alfajiri, kifuko kimejaa nyongo nzito, halafu jua likizama anakula muhogo wa kasimile, sambusa, katlesi na samaki wa kukaanga mfululizo. CCK inapanda, kifuko kinajikamua kwa nguvu, na kama kuna jiwe, yani nyongo iliyoganda ikawa ngumu, limekaa kwenye mlango wa kifuko, kifuko kinakuwa kinasukuma ukuta. Maumivu yake ndo hayo. Jiwe likirudi nyuma maumivu yanaisha, kwa hiyo asubuhi mgonjwa ni mzima na anaonekana kama alikuwa anajiliza. Mtu asie na mawe akifuturu chakula hichohicho kifuko chake kinajikamua vilevile na hahisi kitu.

Yaliyotokea baada ya Idd

Baada ya Idd mtoto wake mkubwa akampeleka kupiga altrasaundi. Yakaonekana mawe kwenye kifuko cha nyongo, mengi madogo madogo. Akapewa karatasi akaambiwa amuone daktari wa upasuaji, lakini hakupewa tarehe, hakuambiwa aende wapi, na hakuambiwa dalili gani akiziona asisubiri. Karatasi ikawekwa kabatini. Nauli ya kuvuka kwenda Unguja na mtu wa kumsindikiza si jambo dogo.

Ndo hapo jamaa yake mmoja akaleta dawa iliyozagaa sana kwenye simu: glasi ya mafuta ya zaituni na maji ya ndimu, unakunywa mpaka imalizike, usiku ukiwa hujala, na mawe yanatoka. Bi M. akanywa. Usiku ule alipata maumivu ambayo anasema hajawahi kuyapata hata kwenye uzazi. Asubuhi akaharisha, na kwenye choo vikaonekana vipande laini vya kijani kama punje kubwa. Nyumba nzima ikashukuru, mawe yametoka, wakapiga na picha.

Siku chache baadae maumivu yakarudi, safari hii hayakuachia vizuri. Ikafuata kuwashwa mwili mzima, khasa viganja na nyayo, hasinzii usiku. Macho yakawa manjano. Mkojo ukawa mweusi mweusi kama chai ya rangi. Nyumbani wakaamua ni homa ya ini, wakasema mafuta ni sumu kwake, wakakata kila kitu, hata samaki na mayai, akawa wa uji mtupu na maji ya madafu. Ikapita kama wiki tatu hivi. Mwili ukapukutika.

Kilichomleta wodini hakikuwa macho ya manjano. Ni damu. Akipiga mswaki fizi zinatoka damu hazikomi, na pale alipochomwa sindano ya maumivu kwenye kituo pakavimba na kufanya weusi mkubwa kama kiganja.

Swali la choo

Alipopokelewa wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa homa ya ini ya virusi, na ni wazo la haki, ipo kwetu. Kipimo cha homa ya ini B kikatoka hana. Kwenye faili hapakuwa na hata mstari mmoja kuhusu choo chake. Nilimuomba nesi wa kike tukae nae pembeni, mlango umefungwa, mama mkwe yupo nje, tukamuuliza kwa utaratibu: bibi, choo chako siku hizi kina rangi gani? Akainamisha kichwa, halafu akasema cheupe, rangi ya chokaa, tena kina mafuta, akimwagia maji kinagoma kuondoka na juu ya maji panabaki utando. Akasema hakumwambia mtu kwa sababu ni aibu na aliemsikiliza kabla yetu alikuwa kijana wa kiume sawa na mwanawe.

Rangi ya choo inatokana na nyongo. Seli nyekundu za damu zikichakaa zinatoa bilirubini, ambayo ni rangi ya manjano, ini linaitia kwenye nyongo, nyongo inashuka utumboni na bakteria wanaigeuza kuwa rangi ya kahawia. Mfereji ukiziba bilirubini haishuki, choo kinakosa rangi, na bilirubini inarudi kwenye damu, inapaka macho na ngozi, na inatokea kwenye mkojo. Kuelea kwa choo sikuchukulii uzito sana, vyoo vya watu wengi vinaelea kwa sababu ya gesi tu. Utando wa mafuta ndo wenye maana. Homa ya ini nayo inaweza kukifanya choo kipauke kwa muda, kwa hiyo choo peke yake hakihukumu, lakini ukiweka pamoja mwaka wa maumivu baada ya mafuta, mawe kwenye altrasaundi, muwasho, mkojo mweusi na choo cheupe chenye mafuta, picha inakuwa ya bomba lililoziba. Altrasaundi ikarudiwa siku ileile, mfereji mkuu wa nyongo ukakutwa milimita 13, wakati kawaida hauzidi 6 au 7.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa daktari wa zamu na nadhani ndo uliookoa maisha: vitamini K ya sindano kabla ya kufikiria safari. Hatukuwa na kipimo kamili cha kuganda damu siku ile, akatumia njia ya zamani, damu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo na saa mkononi. Ilipita robo saa haijaganda. Swali likawa, damu haigandi kwa sababu ini limekufa au kwa sababu vitamini K haikuingia? Ini linahitaji vitamini K kutengeneza protini nne za kugandisha damu, na akiba ya vitamini hii mwilini ni ndogo, inatosha wiki chache tu. Bi M. hakuwa na nyongo utumboni, kwa hiyo hakuwa na miseli, na mboga za majani hata angekula sahani nzima vitamini K yake isingevuka. Tena alikuwa wa uji mtupu. Vidonge vya kawaida vya kumeza navyo visingesaidia kwa sababu hiyohiyo. Sindano inaruka utumbo. Akapewa miligramu 10 kwenye mshipa polepole, kesho yake damu ikaganda ndani ya dakika chache na fizi zikakauka. Jibu lile lilikuwa tiba na kipimo pamoja: ini lilikuwa zima, lilikosa malighafi.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa chakula na huu ulikuwa juu yangu. Familia ilitaka mafuta yawe sifuri. Nikasema hapana. Bila nyongo lipesi ya kongosho haijafa, bado inakata, na mtu aliekosa nyongo bado anaweza kunyonya kama nusu ya mafuta anayokula. Yanayobaki yanatoka na choo na yanamuharisha, kwa hiyo mengi hayafai, lakini kidogo kilichogawanywa kwenye milo ya siku kinaweza kuvumilika. Kilichokuwa kinamuua ni njaa, si mafuta. Tukarudisha samaki wa kuchemsha, changu na tasi, mayai, kunde, wali mweupe, ndizi, na mchuzi wa tui jepesi la mkamuo wa pili, kijiko kwa kijiko, kasimile likawekwa kando. Hakuna cha kukaanga, kwa sababu kifuko bado kilikuwa na mawe na hatukutaka CCK ipande kwa ghafla.

Mpwa wake mmoja akaja na habari kwamba mafuta ya nazi hayahitaji nyongo, apewe vijiko vitatu kwa siku. Ilibidi nikae nae kwa sababu kasoma kitu ambacho nusu yake ni kweli. Asidi za mafuta fupi, zenye kaboni 8 na 10, zinapita moja kwa moja kwenye damu ya kuelekea ini bila kuhitaji miseli sana. Lakini kwenye nazi hizo ni kama sehemu moja ya saba hivi tu. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauri, kaboni 12, na hiyo sehemu yake kubwa inafuata njia ya mafuta marefu. Mafuta maalumu ya hospitali yanatengenezwa kwa kuchuja zile fupi peke yake. Nazi ya shambani siyo hayo.

Uamuzi wa tatu ni rufaa. Nyongo iliyosimama inaoza kwa wepesi, homa ya kutetemeka ikiingia mtu anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo akaanzishiwa antibayotiki na akavushwa kwenda Unguja na muuguzi. Barua ya rufaa iliandika rangi ya choo, rangi ya mkojo, saa ya sindano ya vitamini K na damu ilivyoganda kabla na baada.

Matokeo

Alipasuliwa kwa upasuaji wa wazi. Kifuko kikatolewa, jiwe likatolewa kwenye mfereji mkuu karibu na mwisho wake, na ukawekwa mpira wa kutolea nyongo nje kwenda kwenye mfuko. Daktari wa upasuaji alitazama pia kichwa cha kongosho kuhakikisha hamna uvimbe, kwa sababu uvimbe pale nao unaziba mfereji na kuleta manjano, mara nyingi bila maumivu.

Ule mfuko ulisomesha familia kuliko maneno yangu yote. Siku za mwanzo ulikuwa unajaa zaidi ya mililita 300 kwa siku, maji ya dhahabu yaliyokolea. Mama mkwe aliyeyaona kwa macho yake akauliza, haya yote yalikuwa yanakwenda wapi? Choo kikaendelea kupauka kwa siku hizo kwa sababu nyongo nyingi ilikuwa inaishia mfukoni. Mpira ulipofungwa na picha ya dawa ikaonesha njia iko wazi, choo kikarudi kahawia, na muwasho ukaanza kupungua.

Aliporudi Pemba aliharisha choo cha maji karibu kila baada ya kula kwa wiki kadhaa, wakaogopa mafuta upya. Hii ilikuwa kinyume cha tatizo la mwanzo. Bila kifuko nyongo inadondoka kidogo kidogo muda wote, na ikizidi kufika utumbo mpana inavuta maji. Mafuta yanasagwa, kwa sababu ini na kongosho vipo. Tukapunguza ukubwa wa mlo, tukaongeza idadi ya milo, ikatulia yenyewe. Ramadhani iliyofuata alifunga baada ya kupata ruhusa ya daktari, akafuturu kwa tende na uji kwanza, chakula kizito akakila baada ya tarawehe.

Uchambuzi

Ukitaka kuona kwanini nasisitiza vitu viwili, nyongo na lipesi ya kongosho, kuna majaribio ya zamani ya Wafaransa wawili. Miaka ya 1840 Claude Bernard aliwatazama sungura waliolishwa mafuta. Kwa sungura mfereji wa nyongo unaingia utumboni juu kabisa na wa kongosho unaingia chini, zaidi ya sentimita 30 mbele. Akaona mishipa ya limfu inajaa mafuta meupe kuanzia chini ya mfereji wa kongosho tu, pale penye nyongo peke yake hamna weupe. Baadae karne hiyohiyo Dastre akafanya kinyume kwa mbwa, akaihamisha nyongo iingie chini, kongosho likabaki juu. Weupe ukaanza chini ya nyongo. Hamna mafuta yaliyonyonywa vizuri mpaka vyote viwili vimekutana.

Bi M. alikuwa kama mbwa wa Dastre: lipesi ipo, nyongo haipo. Angekuwa ni wa kongosho, mfano mtu ambae kongosho lake limeharibika kwa miaka, choo kingekuwa cha mafuta pia, pengine mafuta mengi zaidi, lakini kingebaki na rangi yake na macho yasingekuwa manjano. Na kongosho lina akiba kubwa, mafuta hayaanzi kutoka na choo mpaka lipesi ishuke chini ya sehemu moja ya kumi ya kawaida. Huyo angehitaji enzaimu za kumeza na kupimwa sukari. Kwa hiyo maswali mawili, kina mafuta? kina rangi gani?, yanatenganisha njia mbili za matibabu kabla hujagusa mashine yoyote.

Kuhusu glasi ya zaituni. Siwezi kusema kwa uhakika ndo iliyosukuma jiwe kwenye mfereji, mawe madogo yanaweza kushuka yenyewe. Lakini ukijua CCK inafanya nini, kumpa mtu mwenye mawe madogo mengi glasi nzima ya mafuta kwa mpigo ni kukiamrisha kifuko kijikamue kwa nguvu zake zote, na mpangilio wa siku unanitia wasiwasi sana. Vile vipande vya kijani navyo vilitupwa, havikupimwa. Ila mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilieleza kisa cha mwanamke aliekunywa mafuta ya zaituni na maji ya limau akapata vipande kama hivyo, vikapimwa, vikakutwa ni asidi za mafuta, hamna kolesteroli wala bilirubini wala kalsiamu. Yani ni sabuni: lipesi inakata mafuta ya zaituni, asidi zake zinashikana na madini na kuganda. Familia ya Bi M. ilifurahia mafuta yaleyale waliyomnywesha, na furaha ile ikawachelewesha, maana manjano yalipokuja hamna aliefikiria tena mawe, wanajua yametoka.

Kwenye huduma, kilichofeli zaidi si kukosea vidonda vya tumbo mara ya kwanza. Ni kurudia dawa ileile mara ya pili na ya tatu bila kuuliza yanakuja saa ngapi na baada ya kula nini. Na ile karatasi ya altrasaundi isiyo na tarehe. Mtu mwenye mawe yanayouma anatakiwa aondoke akijua siku ya kuonana na mpasuaji na akijua kwamba macho ya manjano, mkojo mweusi, choo cheupe au homa ya kutetemeka, chochote kati ya hivyo, ni kuja siku hiyohiyo hata usiku.

Kilichofanya kazi kilikuwa cha bei ndogo: chumba chenye mlango, nesi wa kike, swali moja, chupa ya kioo na sindano ya vitamini K. Siku hizi wodini kwetu mgonjwa yeyote mwenye macho ya manjano anaulizwa choo na mkojo na mtu wa jinsia yake, ndugu wakiwa nje, na jibu linaandikwa kwa maneno yake mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa faili.